Msosi wa "bure" kwenye meli za kitalii: nani analipa bili?

Wadau, ukifungua tovuti yoyote ya kampuni za meli za kitalii utakutana na ahadi ile ile: lipa nauli mara moja, halafu kula mpaka uchoke. Asubuhi, mchana, jioni, na usiku wa manane ukitaka. Msosi umo ndani ya nauli, wewe lete tumbo tu.

Sasa soma maoni ya watu waliosafiri kweli. Mmoja anasema alikula kama mfalme: kambakochi, steki laini, keki za kila aina. Mwingine, meli ile ile, wiki ile ile, anasema nyama ilikuwa kama soli ya raba na bufe ilimkumbusha msosi wa bweni. Ukisoma hivyo unaweza kudhani mmoja wao ni muongo, au labda kalipwa. Mimi naona wote wawili wanasema kweli. Tofauti yao iko mfukoni. Kwenye meli za siku hizi meza ni nyingi, na anayekaa kwenye meza ya nauli peke yake hali kile anachokula jirani yake aliyeongeza dola.

Na hiyo haikutokea kwa bahati mbaya. Ni biashara iliyopigiwa hesabu. Ule msosi wa "bure" haujaachwa uoze, hapana. Unashikiliwa pale pale kwenye kiwango cha kutosha tu, usije ukaridhika kiasi cha kuusahau mgahawa wa kulipia ulioko ghorofa ya juu. Na kama unadhani haya ni mambo ya Wazungu na Miami yao, subiri kidogo, tutafika Mombasa na Zanzibar.

Zamani mambo yalikuwa rahisi. Meli ilikuwa na ukumbi mkuu mmoja wa chakula na zamu mbili za jioni, ya kwanza kama saa kumi na mbili, ya pili kama saa mbili na nusu usiku. Unapangiwa meza, unakaa na watu wale wale wiki nzima, mhudumu ni yule yule mpaka anajua kwamba hutaki kitunguu. Tajiri wa chumba chenye roshani na fundi bomba wa chumba kisicho na dirisha waliletewa menyu moja. Halafu usiku wa manane kulikuwa na bufe la maonyesho, barafu limechongwa sura ya ndege, matunda yamekatwa kama maua. Wamarekani waliyaona hayo kwenye tamthilia ya "The Love Boat" iliyorushwa kuanzia 1977, wakatamani, wakaanza kupanga foleni.

Mwaka 2000 kampuni ya Norwegian Cruise Line ikaja na mtindo iliouita Freestyle: kula saa unayotaka, popote unapotaka, hakuna kupangiwa meza. Watu wakashangilia, na kusema kweli kulikuwa na cha kushangilia, maana si kila mtu anapenda kula na wageni kwa saa iliyopangwa. Lakini "popote unapotaka" ilikuja na migahawa mingi midogo, na baadhi yake mlangoni kulikuwa na bei. Mlango ukafunguka hapo.

Angalia ulivyoendelea kufunguka, taratibu bila kelele. Mwaka 2008 Royal Caribbean ikaweka kwenye ukumbi wake mkuu, ule ule wa nauli, steki ya kulipia karibu dola 15. Yaani umekaa kwenye meza uliyokwisha ilipia, na menyuni kuna nyama nzuri ya pesa na nyama nyingine ya bure. Mwaka 2015 Norwegian ikaanza kutoza dola 7.95 kwa kuletewa chakula chumbani, kitu ambacho zamani kilikuwa kimo kwenye nauli. Royal Caribbean ikafuata mwaka 2017 kwa bei hiyo hiyo, mpaka senti. Mwishoni mwa 2022 Carnival ikasema ukiagiza chakula kikuu cha tatu kwa mlo mmoja utalipa dola 5. Hapo niliwaelewa kidogo, maana mtu anayekula sahani tatu za steki ana ugomvi na mwili wake mwenyewe. Lakini ona mwelekeo. Hakuna hata mara moja waliyotangaza "tumepunguza msosi". Kila mara ni dola chache tu, na kila mara ni kwa kitu ambacho jana kilikuwa bure.

Halafu ikaja Icon of the Seas ya Royal Caribbean. Ilianza safari Januari 2024 kutoka Miami, ina urefu wa mita 365, ghorofa 20, inaweza kubeba abiria 7,600 na wafanyakazi 2,350. Ni mji. Sehemu za kula ni zaidi ya 20. Baadhi ni za bure na si mbaya. Lakini humo humo kuna ukumbi unaoitwa Empire Supper Club, wenye muziki wa jazi na mlo wa hatua nane, ambao meli ilipoanza kazi bei yake ilikuwa kama dola 200 kwa kichwa. Kichwa kimoja, jioni moja.

Ishikilie hiyo 200 kichwani, tukaangalie mahesabu.

Carnival ndiyo kampuni kubwa kuliko zote kwenye biashara hii, na kwa kuwa hisa zake ziko sokoni, mahesabu yake yako wazi kwa mtu yeyote mwenye intaneti na uvumilivu. Mwaka 2024 iliingiza dola bilioni 25. Kati ya hizo, kama bilioni 16.5 zilitoka kwenye nauli. Zilizobaki, zaidi ya bilioni 8.5, zilitokana na vitu ambavyo watu walinunua wakiwa wameshalipa nauli: vinywaji, kasino, matembezi ya bandarini, intaneti, saluni, na migahawa ya kulipia. Theluthi nzima!

Na chakula? Karibu dola bilioni 1.5. Gawanya kwa siku zote ambazo abiria wake walikaa melini mwaka ule, unapata kama dola 15 kwa abiria kwa siku. Hiyo ni chai ya asubuhi, mlo wa mchana, keki ya saa kumi, mlo wa jioni wa hatua tatu, na piza ya usiku. Na humo humo kuna msosi wa wafanyakazi, maana kampuni inazihesabu gharama hizo pamoja. Sawa, wananunua kwa jumla, kontena kwa kontena, bei wanayoipata wao mimi na wewe hatuwezi kuipata. Lakini kwa bei za Marekani dola 15 ni mlo mmoja wa hamburger na soda. Ukiona wanapika walau chakula kinacholika kwa pesa hiyo, mara tatu nne kwa siku, unapaswa kuwavulia kofia wapishi. Utani pembeni, wale jamaa wanafanya maajabu.

Tena cheki hii. Royal Caribbean imekuwa ikikata bakshishi ya kama dola 18 kwa siku kwa kila abiria wa chumba cha kawaida, unakatwa moja kwa moja. Najua ni kampuni tofauti na ile ya mahesabu ya juu, lakini weka namba hizo mbili karibu karibu. Bakshishi unayoombwa kwa siku inazidi gharama ya vyakula unavyopikiwa kwa siku. Bakshishi hiyo inajazia mshahara wa wahudumu, yaani mteja analipa moja kwa moja kile ambacho mwajiri angepaswa kulipa.

Sasa twende jikoni, maana tusiwasingizie wahasibu kila kitu. Kuna sababu za kweli za kiufundi kwa nini nyama ya melini inakuja kijivu. Kwanza, kwenye meli moto wa wazi unaogopwa kuliko kimbunga. Majiko karibu yote ni ya umeme. Ule mwali wa gesi ambao mkaanga chipsi wa Magomeni anauongeza na kuupunguza kwa kidole, au makaa yanayotoa harufu ya mishikaki, melini huvipati. Pili, ukumbi mkuu unahudumia watu elfu kadhaa kwa zamu mbili. Hakuna mpishi duniani anayeweza kukaanga steki 1,500 moja moja na zote zifike mezani zikiwa moto. Kwa hiyo nyama inachomwa mapema, inasubiri, inamaliziwa kwenye tanuri, inafunikwa, inapelekwa. Tatu, kuna sheria za afya. Meli zinazogusa bandari za Marekani hukaguliwa na shirika la afya la CDC, ambalo lina mpango wa ukaguzi wa meli tangu 1975. Chakula cha moto kinatakiwa kikae kwenye nyuzi joto 57 au zaidi, cha baridi kwenye nyuzi 5 au chini. Chukua samaki mweke kwenye nyuzi 57 kwa nusu saa halafu niambie kama bado ana maji.

Ndiyo maana wasafiri wazoefu wana ujanja wao. Wanakwepa steki ya bure na samaki wa kuokwa, wanakwenda kwenye supu, mikate, na mchuzi wa Kihindi. Mikate huokwa humo humo usiku kucha, ni mibichi. Supu na michuzi haidhuriki kwa kusubiri, tena inazidi kukolea, kama pilau au maharage ya nazi ya jana. Na michuzi ya Kihindi inakuwa mizuri kwa sababu nyingine rahisi kabisa: wapishi wengi wanatoka India, na hapo wanapika kwao. Carnival tangu 2011 ina kibanda cha hamburger chenye jina la Guy Fieri, mpishi wa kwenye televisheni za Marekani, na ni bure. Wengi wanakisifu kuliko ukumbi mkuu wenye vitambaa vyeupe. Nadhani siri ni kwamba kibanda hakijifanyi. Kinapika kitu kimoja, kinakupa mkononi, basi. Mama ntilie yeyote angewaambia hivyo bila kulipwa ushauri.

Lakini ladha ni jambo moja, usalama ni lingine, na watu wanavichanganya. Sahani inaweza kuwa tamu na ikakulaza kitandani siku tatu.

CDC hutoa alama mpaka 100. Meli ikipata 85 au chini imefeli, na majibu yanawekwa hadharani, jambo ambalo ningependa kuliona kwenye hoteli zetu. Vilevile meli ikifikisha asilimia 3 ya abiria au wafanyakazi wanaoumwa tumbo, inaingizwa kwenye orodha ya milipuko. Mwaka 2023 kulikuwa na milipuko 14. Mwaka 2024 ikawa 18, na mwaka 2025 ikavuka 20. Mingi ni kirusi kinachoitwa norovirus, kile cha kutapika na kuhara kwa ghafla. Ili tusiwaonee, CDC wenyewe wanasema milipuko ya norovirus ya kwenye meli ni kama asilimia 1 tu ya yote inayoripotiwa Marekani. Mingine iko mashuleni, kwenye nyumba za wazee, na kwenye migahawa ya kawaida. Ila meli ina ubaya wake: ukiugua huwezi kwenda nyumbani, na kijiko cha bufe kimeshikwa na watu elfu mbili kabla yako.

Wakati wa korona tuliona kitu kingine. Diamond Princess, iliyozuiwa Yokohama, Japani, Februari 2020 ikiwa na watu 3,711, ilifungia abiria vyumbani kwa karantini. Lakini abiria lazima wale. Nani aliwapelekea chakula? Wafanyakazi, ambao wenyewe walikuwa wanalala wawili wawili ghorofa za chini na kula pamoja. Kati ya wafanyakazi 20 wa kwanza kuthibitika kuugua, 15 walikuwa wa idara ya chakula. Karantini iliwalinda abiria, haikumlinda aliyebeba sinia.

Na la karibu na kwetu. Mwanzoni mwa 2024 Norwegian Dawn ilipita pwani yetu, mkaona picha zake zilivyosambaa. Februari ile ile, ikitokea Cape Town na kuelekea Mauritius, baadhi ya abiria wakaanza kuumwa tumbo. Mamlaka za Port Louis zikaizuia kuingia gatini tarehe 25 zikihofia kipindupindu. Watu zaidi ya 3,000 wakakaa baharini wakisubiri majibu ya maabara. Hakikuwa kipindupindu, na tarehe 27 wakaruhusiwa kushuka. Kuna waliowacheka Mauritius kwa woga. Mimi nawapa heko. Elewa kwamba ukaguzi wa CDC unahusu meli inayofika Marekani. Meli inayozunguka Cape Town, Zanzibar, Mombasa na Seychelles bila kugusa Marekani haimo kwenye hesabu ile, na anayepaswa kuuliza maswali ni ofisa wa afya wa bandari husika. Je, wa kwetu huwa anapanda kukagua friji, au anapanda kupokelewa kwa juisi?

Kitu kimoja zaidi kabla sijaondoka jikoni: yote haya yanategemea umeme. Februari 2012 Costa Allegra, ikitoka Madagascar, ilishika moto chumba cha mashine karibu na Shelisheli. Umeme ukakatika wote. Watu zaidi ya elfu moja, joto la ikweta, friji zimezima, vyoo havifanyi kazi. Walikula vyakula baridi na mikate iliyoletwa kwa helikopta, na meli ikavutwa mpaka Mahé na meli ya Kifaransa ya kuvua jodari. Mwaka mmoja baadaye Carnival Triumph ikapatwa na yale yale Ghuba ya Mexico, watu zaidi ya 4,000, siku kadhaa za foleni ndefu za mkate. Jiko la gesi moja la mama ntilie lingekuwa lulu siku ile.

Sasa tuwaongelee wanaopika na wanaobeba, maana wengi wenu mnaosoma hapa mnatafuta ajira hizo, na nawaona kwenye kompyuta za jirani mnajaza fomu.

Jikoni na ukumbini melini wamejaa Wafilipino, Wahindi, na Waindonesia. Wakenya nao wameanza kuingia, hasa kwenye meli za MSC, baada ya serikali yao kufungua mazungumzo na kampuni hiyo na kukiinua Chuo cha Bandari cha Mombasa kuwa Bandari Maritime Academy mwaka 2018. Kazi ipo, na kwa kijana wa Likoni au wa Temeke asiye na kitu mshahara si wa kudharau. Lakini jueni mnachosaini. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini, uliopitishwa 2006 na kuanza kutumika Agosti 2013, unaruhusu mpaka saa 72 za kazi kwa wiki, na saa 14 ndani ya saa 24. Kwa miezi sita, saba, nane, siku ya mapumziko nzima hakuna. Mhudumu anayetabasamu na kukuuliza kama samaki alikuwa mzuri huenda amesimama tangu alfajiri. Tabasamu lenyewe ni sehemu ya kazi, kwa sababu abiria hujaza fomu ya maoni mwisho wa safari, na zile alama zina uzito mkataba ukifika wakati wa kuongezwa.

Kuhusu chakula chake yeye, mkataba huo huo unasema baharia apewe chakula bure, cha ubora unaofaa, na dini na utamaduni wake vizingatiwe. Kwa hiyo kijana wa Kiislamu ana haki ya kuuliza nyama imechinjwaje, na asionekane msumbufu. Huko chini kwenye ukumbi wa wafanyakazi wali haukosekani, na wengi husema wali ule na mchuzi wa mwenzao wa Manila unaushinda msosi wa bure wa ghorofa ya tisa.

Halafu, jamani, hili nalisema kwa herufi kubwa: AJIRA YA MELINI HAIUZWI. Mkataba unakataza wakala kumtoza baharia pesa za kumtafutia kazi. Unachoweza kulipia mwenyewe ni cheti cha afya kinachotakiwa na nchi yako, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Viza ni juu ya mwenye meli. Ukipata barua pepe inayosema umechaguliwa kuwa mpishi msaidizi, tuma dola 300 za "usajili", mtumie huyo mtu salamu tu.

Nilisema tutafika Mombasa na Zanzibar. Tumefika.

Turudi kwenye yale mahesabu. Kampuni inataka abiria atumie pesa ndani ya meli. Abiria naye ameshalipia msosi wote. Sasa meli inatia nanga saa moja asubuhi na inaondoka saa kumi na moja jioni. Mgeni huyu ameshakula mayai, soseji, mikate na matunda kabla ya kushuka. Anapita Mji Mkongwe, anapiga picha mlango wenye misumari, ananunua khanga moja, na mchana anarudi melini kula, kwa nini alipie? Saa ambayo Forodhani inawasha majiko, yeye yuko maili kadhaa baharini anachagua kati ya kuku na samaki. Urojo hakuuona. Mishikaki ya pweza hakuinusa. Wakati huo huo ndiye anayeandika kwenye intaneti kwamba samaki wa melini hana ladha!

Visiwa vya Karibea wanayajua haya kwa muda mrefu. Huko kampuni zimekwenda mbele zaidi, zina visiwa vyao binafsi. Royal Caribbean ina CocoCay huko Bahamas, iliyofunguliwa upya mwaka 2019 kwa jina la Perfect Day. Mgeni anashuka "Bahamas", lakini mchana anakula msosi wa kampuni ile ile. Mwenye kibanda cha samaki wa Nassau abaki na macho.

Sisi bado hatujafika huko, na bora tusifike. Ila nashangaa tunavyopimana. Meli ikija, kinachotangazwa ni idadi ya watalii. Elfu mbili! Elfu mbili mia mbili! Hakuna anayetangaza waliacha nini. Na kuna njia ya kuuza chakula kwa meli hata kama abiria hashuki: meli yenyewe inakula. Watu 3,000 ni nyanya, mananasi, maembe, mayai, samaki. Kwa kawaida vitu hivyo vinapakiwa kwenye bandari ya kuanzia, vingine vimesafiri kwa kontena kutoka Ulaya au Marekani, na samaki ameganda kama jiwe. Lakini si sheria ya Mungu. Holland America ilitangaza mwaka 2023 mpango wa kununua samaki wabichi kwenye bandari inazopita na kuwapika ndani ya siku chache. Yaani ipo kampuni iliyoona kwamba malalamiko ya abiria kuhusu samaki wa barafu yanaweza kutibiwa na mvuvi.

Watu watasema viwango vyetu havitoshi. Hapo nakataa. Sangara wa Mwanza amekuwa akiuzwa Ulaya kwa miaka mingi, na Wazungu wale wana masharti magumu kuliko ya mpishi yeyote wa melini. Kinachohitajika ni chumba cha baridi karibu na gati, cheti, na muuzaji mmoja au ushirika unaoweza kusema "Alhamisi saa moja asubuhi nina kilo 800 za changu na nguru", na Alhamisi saa moja awe nazo kweli. Hapo pa mwisho ndipo tunapoumia, tusidanganyane. Meli haisubiri. Saa yake ya kuondoka ikifika inaondoka, na mwaka ujao hainunui kwako.

Mombasa wana jengo jipya la abiria wa meli. Zanzibar wana jina ambalo kila mtalii analijua. Dar wana gati. Kwa hiyo meli ijayo ikiingia na waziri akisimama kwenye kipaza sauti, waandishi mlio karibu naye muulizeni swali moja tu: meli hii imenunua kilo ngapi za chakula hapa? Na ninyi mliowahi kufanya kazi kwenye jiko la meli, au mnaouza samaki gatini, nafasi ya maoni iko hapo chini. Bei mnayopewa, semeni kwa shilingi.